Kopo Lililofuta Barua Yako

Kabula mwanangu,

Barua za watu huanza kwa kuuliza hali. Hali yako naijua, nakusikia hapo chumba cha pili unabishana na zipu ya begi. Yangu ndiyo sina uhakika nayo. Nimechoka, mwanangu. Siyo uchovu wa kubeba mizigo, huo nimeuzoea, unaisha ukishanawa miguu. Huu ni wa mtu aliyebeba kitu kimoja kidogo siku nyingi mno bila kukitua.

Habari za chandarua, za kuchemsha maji na za kutolala karibu na dirisha la treni mama yako amekwisha kukuambia, na kesho atazirudia zote, wewe itikia tu. Mimi langu ni moja. Nimeliandika kwa mkono, kwa huu mwandiko wangu wa darasa la tano, kwa sababu sikutaka lipite kwenye printa. Utaona kwa nini.

Niliseme kabla sijaanza kuzunguka kama kawaida yangu. Barua yako ya maombi ya chuo cha ualimu, ile iliyopotea kwenye flopi miaka miwili iliyopita, hakuifuta Mama Koku. Niliifuta mimi. Nilikuja kujua baada ya wiki moja tu, nikanyamaza. Kesho jioni unaondoka, na yule mama hujampa shikamoo tangu siku ile. Kabla hujapanda treni nataka ujue aliyekukosea ni nani.

Haya, nimesema. Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana nusu yake unaijua na nusu nilikuficha.

Unakumbuka biashara zilipofunguliwa, kila mtu hapa Mabatini akawa mfanyabiashara. Waliopunguzwa kazi wakawa wafanyabiashara, na sisi ambao hatukuwahi kuwa na kazi ya kupunguzwa tukawa wafanyabiashara wakongwe. Mimi nimeuza viatu vya mitumba, nikanunua robota ambalo vya mguu wa kushoto vilizidi, nikatafuta wateja wa mguu mmoja Mwanza nzima. Nimeuza barafu. Nimeuza mapanki, ile mifupa ya samaki ya kukaanga, kabla mama yako hajanipokonya hiyo kazi kwa sababu nilikuwa naongea na wateja mpaka mafuta yanaungua. Watu walicheka, na mimi nilipenda wacheke. Mtu akicheka hakuulizi umesoma mpaka wapi.

Halafu ofisi moja ya pamba ikafungwa, wakauza vitu vyao kwa mnada. Nilienda kutafuta kiti. Nikarudi na printa na kompyuta yake, vimefungwa pamoja kwa kamba ya katani, na mama yako akaniuliza, "Kiti kiko wapi?" Nikamwambia, "Hiki nacho utakikalia, subiri tu." Hakunisemesha siku mbili.

Kompyuta ile ilikuwa kiwete, herufi tano kwenye kibodi yake zilikuwa zimekufa, pamoja na A na U. Ukitaka kuandika jina lako unapata K, B, L, kama mtu amepigwa ngumi ya mdomo. Lakini printa ilikuwa nzima. Inapiga kelele kama cherehani inayoshona bati, lakini inachapa.

Na huko juu kwenye mwamba alikuwepo Mama Koku. Alikuwa mjane, Mhaya wa Bukoba, karani wa miaka mingi aliyepunguzwa kazi. Badala ya kununua genge la nyanya kama wenzake, mafao yake alinunulia kompyuta nzima, herufi zote hai. Printa hakuwa nayo. Basi yeye ana mdomo, mimi nina meno. Tukakubaliana. Yeye ataandika kazi za watu kule juu, mimi nitazichapa huku chini, kinachopatikana tunagawana.

Shida ikawa njia. Si unaijua ile njia inavyozunguka jiwe. Kutoka kwake mpaka kwetu ukipaza sauti unasikika, lakini ukienda kwa miguu unapanda, unashuka, unapita kwenye choo cha mzee wa pale kona, na mvua ikinyesha unateleza kama kambale. Na Mama Koku miguu inamsumbua. Nikamwita fundi Doto, yule wa redio, nikamwuliza kama tunaweza kuvuta waya kutoka kompyuta ya juu mpaka printa ya chini, watu wa nyumba mbili watumie mashine moja.

Doto akapima kwa macho. "Waya wa printa ukiwa mrefu hivyo," akasema, "maneno yanachoka njiani. Unatuma 'mpendwa', inafika 'mpe'."

"Na 'ndwa' inakwenda wapi?"

"Inabaki kwenye jiwe."

Ndipo nikabuni lile kopo. Ringi mbili za baiskeli, moja nikaifunga dirishani kwa Mama Koku, nyingine dirishani kwetu, kamba ikazunguka kati yake, na kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko likaning'inia. Yeye anaandika, anaweka kazi kwenye flopi, ile diski ndogo ya kuhamishia maandishi, flopi anaiweka koponi, anapiga kengele ya baiskeli, mimi navuta. Nachapa, narudisha karatasi zimeviringishwa. Nikaandika kibao kwa rangi nyekundu: PRINTA YA PAMOJA, BILA WAYA. Watu wakawa wanakuja kutazama tu. Mmoja akaniuliza kama ni dawa ya Ukerewe. Nikamwambia ni ya Ujerumani, lakini imepitia Ukerewe kupata baraka.

Tukachapa kadi za michango ya harusi, ratiba za kwaya, barua za wazee waliopunguzwa kazi wakidai mafao yao. Ile miezi, Kabula, ndiyo miezi niliyotembea Mabatini nimenyoosha shingo. Na wewe ulikwenda shuleni ukamwambia mwalimu wa fizikia kwamba baba yako amebuni printa isiyo na waya. Akaja na suruali yake ya kaki, akalizunguka lile kopo, akanishika mkono. Mwalimu wa sekondari amenishika mkono mimi. Wewe ulisimama pale mlangoni na sare yako, na uso uliokuwa nao siku ile ndio ulioniharibu baadaye. Usinielewe vibaya, kosa siyo lako. Nataka ujue tu kwamba mtu akishatazamwa hivyo na mtoto wake, kushuka ni kugumu.

Ulipomaliza kidato cha sita ukawa unapanda kwa Mama Koku kila siku akufundishe kupiga chapa. Alikuwa anakufunika vidole kwa kitambaa cha meza usiangalie herufi. Nilikuwa nawasikia huku chini.

"Vidole kumi, Kabula. Mungu hakukupa viwili."

"Baba anatumia kimoja."

"Baba yako anachoma mahindi, haandiki."

Alikupenda yule mama. Leo nalisema kwa sababu mimi ndiye niliyekufanya uamini vingine.

Sasa, upepo. Mvua zilipokaribia ulianza kuvuma ule upepo wa ziwani wa alasiri, na kopo likawa linayumba. Likifika dirishani linagonga ukuta, linarudi nyuma, nalifukuza kwa mkono kama mtu anayefukuza kuku. Mara mbili lilifunguka, flopi ikaanguka kwenye majani. Nikawaza. Kuwaza kwangu, mwanangu, ndiko kunakotakiwa kuogopwa. Nilikuwa na spika mbovu ya redio, nyuma yake kuna ile sumaku nzito ya duara. Nikaitoa, nikaigundisha chini ya kopo. Dirishani nikapigilia kipande cha bati nene. Kopo likija, linashika, kaa. Halitikisiki. Nikamwita mama yako aje aone. Nikasema hii hata Ulaya hawana.

Kweli Ulaya hawakuwa nayo, kwa sababu wao walijua.

Ile sumaku niliifunga siku ya Jumatano. Maombi yako yalitakiwa ofisi ya elimu Ijumaa kabla ya saa sita, yamepigwa chapa, kurasa tatu. Uliyaandika kwa Mama Koku jioni tatu mfululizo, na kwa kuwa mashine yake ilikuwa imejaa, uliyaweka kwenye flopi tu. Alhamisi asubuhi Mama Koku akapata habari ya msiba kwao. Kabla hajaondoka akapiga kengele, akaiteremsha flopi yako, akaniita kwa sauti, "Baba Kabula, hiyo ni ya mtoto, ichape kwanza kabla ya nyingine zote." Akafunga mlango akaenda kuwahi meli.

Nikaiweka. Tupu. Ukaja ukaiweka wewe. Tupu. Ulikaa kwenye kile kiti ambacho hatimaye tulikinunua, ukaitazama skrini kama mtu anayesubiri mgeni. Mlango wa juu umefungwa, mashine yangu haina A, na alasiri ile umeme ukakatika ukarudi kesho yake saa nane mchana. Ijumaa ukapeleka barua ya mkono. Karani wa ofisi ya elimu akakurudishia, akasema utaratibu ni utaratibu, uombe mwakani. Na mwakani uliomba, hukuchaguliwa. Miaka miwili umekaanga mapanki na mama yako, vidole kumi vyote vinanuka samaki.

Mpaka hapo, Kabula, ilikuwa bahati mbaya. Sikujua. Ningeweza kuapa mahali popote kwamba sikujua. Ubaya wangu haukuwa kwenye sumaku.

Mama Koku aliporudi msibani, ulipanda kabla hajatua hata mfuko. Mimi nilikufuata. Nakumbuka alikuwa bado na vumbi la safari kwenye kanga.

"Mama, umefuta kazi yangu."

"Nani kafuta? Niliiweka, nikaitazama, nikaitoa, nikaiteremsha."

"Imefika tupu."

"Basi kuna kitu. Tuiangalie, mwanangu, usilie."

"Ya mpwa wako haikufika tupu. Ya mpwa wako imechapwa na imepokelewa."

Ni kweli yule mpwa wake aliomba chuo hichohicho, na kazi yake tuliichapa Jumatatu, kabla ya sumaku. Lakini siku ile ilisikika kama ushahidi. Majirani walikuwa wameshasogea, unawajua. Mama Koku akanitazama mimi, akitaka nimsaidie kusema. Na mimi nilifanya ninachofanya siku zote kukiwa na watu na kukiwa na uzito. Nikachekesha. Nikasema, "Mama Koku, hiyo mashine yako tangu lini inakula? Ipe ndizi, iache karatasi za watoto."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Wewe hukucheka. Yeye naye hakucheka. Nilikiona kile kicheko kinateremka ule mwamba, kinaingia nyumba kwa nyumba, na kufikia kesho yake kompyuta yake ilikuwa na jina. Waliiita Mla Barua. Mtu akija na kazi anaambiwa, usipeleke kwa Mla Barua. Utani wangu, Kabula, ndio uliofunga biashara ya yule mama, na haukunichukua hata dakika moja kuutunga.

Wiki ile flopi nyingine zikawa zinafika tupu, nikamwita Doto aangalie printa. Akaiona nzima. Akaiona kompyuta nzima kwa ukiwete wake. Akaomba aone kopo. Akaligeuza, koleo lake likarukia chini ya kopo, kaa, likaganda. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa sakafuni.

"Baba Kabula, hii nani kaweka?"

"Mimi. Kwani vipi?"

"Flopi na sumaku ni paka na panya. Kila flopi iliyopanda humu umeiosha maandishi yote. Unaiosha, unaianika, unaivaa."

Nikamwuliza, "Hata ya mtoto?" Akaacha kucheka. Akasema, "Hata hiyo."

Ulikuwa nyuma ya nyumba unafua. Nilikuwa nasikia maji. Ilikuwa hatua kumi, labda kumi na mbili, kutoka nilipokuwa nimesimama mpaka ulipokuwa umeinama. Nimezipima mara nyingi tangu siku ile. Nilianza kwenda, nikafika mlangoni, nikaona mgongo wako. Nikafikiria yule mwalimu wa fizikia. Nikafikiria kibao changu. Nikarudi nikamwambia Doto, "Hapa hatujaongea," nikampa sato mzima aliyekuwa ametengwa kwa chakula chetu. Jioni mama yako aliuliza samaki kaenda wapi nikasema paka. Unaona sasa, mpaka paka wa watu nilimsingizia.

Subiri, sijamaliza, na hili linalokuja ndilo linalonichosha zaidi kuliandika. Nilipoitoa sumaku, flopi zikaanza kufika salama. Watu wakauliza imekuwaje. Nikasema mashine ya Mama Koku ilikuwa na ugonjwa wa kompyuta, nimempelekea fundi. Na ili uongo usimame, nilimpeleka Doto kweli. Akakaa kwenye kiti chake, akabonyezabonyeza, akasema imepona. Mama Koku akatushukuru. Alikuwa ametoka kwao Bukoba na mkungu wa ndizi, akanipa wote. Akaniambia, "Ahsante kwa kunitoa aibu." Nikaubeba begani nikateremka nao. Tuliula wiki nzima. Wewe ulikataa kuzila, ukasema ndizi za mtu yule huzitaki, na mimi nikazila na zako.

Aibu haikutoka lakini. Jina lilikuwa limeshashika. Wateja wakahamia mjini kwenye zile stationery mpya, na mwaka jana Mama Koku akaiuza ile kompyuta, akaanza kufuma vitambaa. Siku wanaiteremsha kwenye mwamba nilijifanya nina safari ya Ilemela. Kamba na kopo nikavitoa mwenyewe, nikakwambia vimechakaa.

Na wewe hukumsalimia tena. Mnapishana kwenye ngazi za mawe, wewe unatazama ziwa. Nitakuambia kitu ambacho nadhani ulikielewa vibaya. Ulikuwa unapita kimya, na yeye anasema, "Marahaba, Kabula." Anaitikia shikamoo ambayo hukuitoa. Uliniambia anakukejeli. Nami nilijua hakukejeli, kwa sababu siku moja nilikuwa nyuma yako hatua chache na nilimwona uso baada ya wewe kupita. Alikuwa anakutunzia nafasi. Angekaa kimya, ungekuwa umeshavunja heshima mbele ya watu, wangekusema. Alikuwa anakufunika, kama alivyokufunika vidole kwa kile kitambaa. Nilimwona, nikamwambia, "Habari za leo, Mama Koku," nikapita zangu.

Majibu ya chuo yalipokuja mwezi huu, tuliimba, tulicheza, mama yako alimwaga maji ya baraka barazani. Halafu mkawa mnahesabu watu wa kuwaaga. Mama yako akauliza, "Na Mama Koku?" Ukasema, taratibu kabisa, hata hukunyanyua macho kwenye sahani, "Nimuage aliyenikatia miaka miwili?" Nilikuwa na tonge mkononi. Nikalirudisha kwenye sahani. Nilikuwa nimezoea ukisema hivyo kwa hasira. Siku ile hukuwa na hasira, ulisema kama mtu anayetaja siku ya soko. Nikaona kwamba unaondoka na huo uongo wangu umekuwa mfupa ndani yako, na huko uendako utamfundisha mtoto wa mtu kwamba majirani ni watu wa kuogopa.

Jana alasiri nilipanda. Njia ile ile, jiwe lile lile, magoti yangu tu ndiyo mapya, yaani mabaya. Nilimkuta mlangoni na sindano zake za kufumia. Nikaanza kama kawaida, "Mama Koku, naona unasuka nyavu, utavua sangara wa saizi gani?"

Akasema, "Leo usinichekeshe, Baba Kabula. Umepanda na uso mwingine."

Nikamwambia. Nilimwambia nikiwa nimesimama, hakunikaribisha kiti na mimi sikukiangalia. Sumaku, Doto, samaki, ule ugonjwa wa kompyuta, vyote. Sindano zilisimama. Nikawa nahesabu mbuzi wa jirani. Halafu akauliza:

"Ndizi zangu mlikula?"

"Tulikula."

"Zote?"

"Zote."

"Zilikuwa tamu?"

Kabula, nimeulizwa maswali na polisi, nimeulizwa na mgambo wa soko, na mama yako ameniuliza mengi. Sijawahi kuulizwa swali gumu kama lile. Nikasema zilikuwa tamu. Akatikisa kichwa, akaendelea kufuma kidogo, akakosea, akafumua.

"Mimi nilifikiri ni uzee," akasema. "Nilifikiri nilibonyeza vibaya mpaka mashine ikaugua. Nimekaa hapa miaka miwili najiuliza nilibonyeza wapi. Karani wa miaka yote ile, nikaanza kuogopa vidole vyangu."

Sikujua hilo. Nilijua nimemharibia biashara, nilijua nimemharibia jina. Sikujua kama nilimharibia vidole. Nilitaka kupiga magoti, akasema, "Usinichafulie baraza, simama." Nikamwuliza kama nikulete uje umsalimie. Akasema, "Mtoto haletwi kwa kamba kama mbuzi. Mwambie ukweli, halafu mwache. Akija, aje na miguu yake. Asipokuja, mimi na yeye hatuna ugomvi. Ugomvi uko kwako." Akaingia ndani akafunga mlango. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuona mahali pa kuuliza.

Nikateremka. Mama yako nimemwambia leo asubuhi. Chakula ameniwekea, lakini amekiweka kama anavyomwekea mgeni asiyempenda, sahani mbali, mboga kidogo, kachumbari hakuna. Sawa tu.

Nilitaka kukuambia kwa mdomo. Leo nimekuita mara tatu, unakumbuka, mara ya kwanza nikakuomba maji, mara ya pili nikakuuliza saa, mara ya tatu nikakutania kuhusu zipu. Najijua. Ningeanza kusema, ungenitazama, ningepata utani njiani, ukweli ungefika "mpe". Ndiyo maana nimeandika.

Ushauri sina mwingi, nani atauchukua kwa mtu wa namna hii. Nina viwili tu nilivyojifunza mwenyewe, sikusikia kwa mtu. Ukiharibu kitu cha mwenzako, mwambie siku ileile, kabla hujala. Ukishakula, unakuwa mzito. Unasema nitasema kesho, kesho nayo ina chakula chake. Mimi nimekula milo ya miaka miwili juu ya jambo lile. Na ukiwa mcheshi, na wewe ni mcheshi, umenirithi hata kama unajificha, angalia unapochekesha ni nani hacheki. Mtazame huyo kwanza. Mimi nilikuwa nawatazama wanaocheka, kwa sababu ndio walionipa raha.

Unaweza kunikasirikia. Unayo haki na muda unao, treni ile inakwenda polepole, utakasirika mpaka Tabora na bado utakuwa na nafasi. Usiponiandikia barua muhula wa kwanza nitaelewa. Muhula wa pili nitaanza kuulizauliza. Nikosee heshima mimi kama kuna mtu lazima akosewe. Lakini usiondoke Mwanza bila kujua kwamba kwenye ule mwamba yupo mtu aliyekufundisha vidole kumi, ambaye hakukufanyia lolote baya, hata moja.

Hii barua naisukuma chini ya mlango wako sasa hivi. Kesho mchana nitachukua begi na sanduku nitangulie navyo stesheni, nikae juu yake, nikupangie foleni. Mama yako atakuja na chakula cha njiani. Wewe hatutakuuliza umepitia wapi. Ukifika mapema, nitajua hukupanda, na nitakupakia mizigo yako vizuri kama baba, sitasema neno. Ukichelewa, sitatazama saa. Na treni ikikuacha, mwanangu, basi ikuache. Nitasimama pale pale stesheni, mbele ya abiria na wapagazi wote, niwaambie ni mimi niliyekuchelewesha, na safari hii sitachekesha mtu.

Baba yako,
wa chumba cha mbele